Anko, nililala sevisi ya M1 sasa bro kaletewa barua ya pauni 100

Shikamoo Anko. Nakusoma siku nyingi ila kuandika ndo leo, maana hii ishu imeshakuwa ya ukoo mzima na gari lenyewe wala si langu.

Iko hivi. Mama kaja kutoka Dar kutuona, na kaja Ramadhani imeshaanza, ndege ikachelewa, foleni ya uhamiaji pale Heathrow unaijua, mpaka mabegi yanatoka na lile boksi lake la kamba za katani ambalo hataki mtu mwingine alibebe, tayari saa sita usiku imepita. Sisi tunaishi Leeds. Mi sina gari, niliazima la bro (bima ipo, nimeandikwa dereva wa pili, usianze kunigombeza), basi tukashika motawei ya M25 tukaingia M1, mama akasinzia, na mimi baada ya muda nikaanza kuona taa za malori zinakuwa mbilimbili. Nikasema hapana, nikaingia sevisi ya kwanza niliyoiona, yale maeneo ya kupumzikia kando ya motawei.

Nikafunga macho, nilijua dakika ishirini tu. Nimekuja kuamshwa na mama ananiambia mwanangu daku inatupita. Tukaingia ndani tukanunua chai, chipsi na maji, mama miguu imevimba kwa ajili ya ndege anatembea taratibu, akaenda msalani, akarudi, tukala, alfajiri ikaingia, tukaswali pembeni ya gari juu ya khanga yake ndo tukaondoka. Bango la paking lipo, siwezi kusema halipo, nililiona wakati tunatoka, limeandikwa maandishi madogo kama karatasi ya ndani ya boksi la dawa.

Sasa barua ya kampuni ya paking kaletewa bro maana gari lina jina lake. Ina picha mbili, moja gari linaingia 02:06 tarehe 9 Machi, nyingine linatoka 05:11. Wanasema bure ni masaa mawili, sisi tumekaa matatu na dakika tano, kwa hiyo tunadaiwa pauni 100, tukilipa ndani ya siku 14 ni pauni 60. Barua imeandikwa tarehe 26 Machi, imefika tarehe 29.

Kwenye grupu la familia ndo vurugu. Binamu wa Birmingham anasema tupa kwenye pipa, hao si polisi hawana meno. Shemeji, mke wa bro, anasema lipeni leo leo maana bro anaomba uraia mwaka huu, hii itamharibia. Bro mwenyewe anataka kuingia kwenye website yao anitaje mimi kama dereva ili jina lake litoke. Na mama anataka kulipa kwa hela zake za safari, kasema ye ndo aliyetaka daku. Anko, tulipe, tutupe au tufanyeje? Na je, nikitajwa mimi si ndo haki, maana kweli niliendesha mimi?

Mdogo mtu, Leeds

---

Marahaba mwanangu. Mwambie mama karibu sana, na hela zake azirudishe kwenye pochi.

La kwanza kabisa, kabla hata hujamaliza kusoma, mpigie bro umwambie asiguse hiyo website na asitaje mtu yeyote. Hapo hapo kwenye barua yako umeandika kitu cha maana kuliko vyote na umekipita tu, zile tarehe. Umeondoka tarehe 9, barua imeandikwa tarehe 26.

Kwa Uingereza na Wales kuna sheria inaitwa Protection of Freedoms Act ya mwaka 2012, na ndani yake kuna Schedule 4 ambayo ndo inawapa hizi kampuni nguvu ya kumdai mwenye gari, yaani yule aliyeandikwa kwenye logibuku (kile cheti cha usajili wa gari), hata kama hajulikani nani aliendesha. Lakini nguvu hiyo ina masharti. Kama hawakubandika kitu kwenye kioo cha gari siku ile, wanategemea kamera tu, basi barua inatakiwa iwe imeshamfikia mwenye gari ndani ya siku 14, zinaanza kuhesabiwa kesho yake. Kwenu siku ya kwanza ni tarehe 10, ya mwisho tarehe 23 Machi. Na sheria inachukulia barua ya posta imefika siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa. Barua iliyoandikwa tarehe 26 haiwezi kuwa imefika tarehe 23, hapo hakuna cha kubishana.

Maana yake ni kwamba bro kama mwenye gari hawawezi kumbebesha deni hilo kwa sheria hiyo. Wanaweza kumdai dereva tu, na dereva hawamjui. Sasa ona bro anachotaka kufanya, anataka kuwapa jina na anwani ya dereva yeye mwenyewe kwa mkono wake! Akishakutaja wewe, ule uchelewaji wa barua haukusaidii tena, wanakuandikia wewe mwanzo mpya.

Unauliza haki iko wapi. Hili ni dai la kampuni binafsi juu ya mkataba wa paking, si kesi ya jinai, na mwenye gari halazimiki kisheria kuwatajia dereva. Ila asidanganye. Asiseme aliendesha yeye, asiseme gari halikuwepo. Aseme kweli tupu, kwamba ye ndo mwenye gari, hakuwa anaendesha, na hatawajibika kwa sababu notisi ilichelewa. Na usichanganye hii na kamera za spidi za polisi, kule ukiulizwa dereva ni nani unajibu, usipojibu ni kosa la jinai na pointi sita kwenye leseni.

Kitu kimoja mkikague kabla hamjashangilia. Je bro alihama nyumba karibuni? Maana inawezekana hiyo ya tarehe 26 ni ya pili, ya kwanza ilienda anwani ya zamani. Angalieni kichwa cha barua, kama imeandikwa ni ukumbusho basi hesabu inabadilika, waulizeni ya kwanza ilitumwa lini na wapi. Kama ndo ya kwanza, angalieni tena kama ndani wameitaja hiyo sheria ya 2012 au wamesema baada ya siku 28 watamdai mwenye gari. Mara nyingi wakijua wamechelewa hawaandiki kabisa hayo maneno, wanaandika kwa kuzungukazunguka wakitegemea mtu ataogopa alipe au ataje dereva.

Nije kwa binamu wa Birmingham. Huu ushauri wa pipa ni wa zamani, zamani kabla ya 2012 ulikuwa na mantiki kidogo maana mwenye gari akikaa kimya kampuni ilikuwa inahangaika kumpata dereva. Halafu mwaka 2015 ikaja kesi ya Mahakama ya Juu kabisa, ParkingEye na bwana mmoja Barry Beavis, mwenye duka la chipsi, yeye alipaki kwenye eneo la maduka kule Chelmsford, bure masaa mawili, akapitiliza dakika 56, wakamdai pauni 85. Akapigana mpaka juu, na akashindwa. Majaji walisema pauni 85 si adhabu ya kupindukia, kampuni ina haki ya kulinda nafasi zizunguke na bango lilikuwa kubwa linasomeka. Tangu hapo ile hoja ya "mbona hawakupata hasara yoyote" imekufa, usiiandike kwenye rufaa. Hiyo ya bango kusomeka bado ipo hai, tutairudia.

Binamu aendelee kula futari Birmingham ila kwenye hili tusimsikilize.

Haya masaa mawili yenyewe yametoka wapi. Serikali ndo imeweka, sevisi yoyote yenye alama ya motawei inatakiwa iwe wazi masaa 24 mwaka mzima, vyoo bure, na paking bure isiyopungua masaa mawili kwa magari ya aina zote. Baada ya hapo mwenye sevisi ruksa kutoza, na bei inakuwa kwenye bango, unalipa kwa simu au mashine au kaunta dukani, malori bei yake juu zaidi. Kwa hiyo kukaa masaa matatu si kosa lenyewe, unachodaiwa ni kukaa bila kulipa ile nyongeza. Na masaa yanahesabiwa tangu kamera ya kuingilia imesoma namba ya gari mpaka ya kutokea, si tangu umezima injini, ukizunguka kutafuta nafasi au ukakaa foleni ya mafuta yote yamo. Kuna dakika 10 za msamaha mwishoni, nyie mmezidi saa nzima na dakika tano kwa hiyo hazitoshi.

Mi binafsi naona masaa mawili kwa saa nane za usiku ni kichekesho. Kitabu cha sheria za barabarani kinakwambia ukisikia usingizi tafuta sehemu salama usimame, na ukingoni mwa motawei huruhusiwi kusimama kwa ajili ya kulala, sasa mtu aende wapi? Ulifanya sawa kusimama, hilo usijilaumu hata dakika moja. Lakini kampuni ya paking haijali usingizi, na daku pia haijali, ukiandika hayo peke yake kama hoja ya sheria watakukatalia kwa barua ya kompyuta.

Sasa mnaandika nini. Anayekata rufaa ni bro, kwa jina lake, kwenye website yao ila sehemu ya rufaa, na akifika pale wanapouliza "wewe ni nani" achague mwenye gari, kuna fomu nyingine zimepangwa kijanja mtu anajikuta kabonyeza dereva. Aandike Kiingereza chepesi, mistari michache, kwamba tukio ni tarehe 9 Machi, notisi ni tarehe 26 Machi, masharti ya Schedule 4 hayakutimizwa, hawajibiki, dereva hatajwi, wafute au wampe namba ya kwenda kwenye rufaa huru. Hapo asiandike "mdogo wangu alikuwa amechoka", asiandike "tulikuwa na mama", neno moja tu la hivyo linamtoa dereva nje. Apige picha ya skrini akimaliza kutuma.

Pembeni ya hiyo, kuna mlango mwingine watu wanausahau, wenye sevisi wenyewe. Kampuni ya paking ni ya kukodiwa tu, mwenye eneo akisema futa wanafuta. Bro awaandikie huduma kwa wateja kwa lugha ya upole, aambatanishe ushahidi wa manunuzi, risiti kama umetupa basi mstari kwenye taarifa ya benki unaoonesha chai na chipsi za usiku ule (na jina la mwenye kadi uzibe, usijitoe kwa mlango wa nyuma), aeleze waliokuwemo ni wateja, kulikuwa na mama mtu mzima wa safari ndefu, waliokuwa garini walisimama kwa usalama. Hapo ndo daku na miguu kuvimba vina nafasi yake, kwa mwenye duka. Na kama mama ana tatizo la kudumu la kutembea, si uvimbe wa ndege tu, litajwe, maana sheria ya usawa ya 2010 inawataka watoa huduma wamfanyie mlemavu marekebisho yanayofaa, mfano muda wa ziada.

Kampuni wakikataa, na wanaweza kukataa hata ukiwa na haki, watatoa namba ya rufaa huru. Wakiwa wanachama wa BPA, chama kimoja cha kampuni za paking, mnaenda kwa waamuzi wa rufaa wanaoitwa POPLA, ni bure, mna siku 28, wakiwa wa chama kingine, IPC, mnaenda kwa waamuzi wa IAS, muda utaona kwenye barua yao. POPLA wakiamua mmeshinda kampuni lazima ifute, wakiamua mmeshindwa nyie hamfungwi na uamuzi huo, ila ile punguzo ya pauni 60 inakuwa imekwenda. Hiyo ndo hesabu ya kweli, mnahatarisha pauni 40. Kwa barua iliyochelewa hivi mimi ningehatarisha. Ingekuwa imeandikwa tarehe 14 ningekwambia kingine, ningesema jaribuni wenye sevisi kwanza, mpige picha mabango mkipita tena mkiona kweli hayasomeki usiku mkate rufaa kwa hilo, vinginevyo lipeni 60 muendelee na maisha.

Nimtulize na shemeji. Barua hii haiingii kwenye rekodi ya polisi na haimnyimi mtu uraia. Kinachoweza kuleta shida ni hukumu ya mahakama ya madai, fomu ya uraia inauliza kuhusu hukumu hizo, na benki ikiona moja mtu anaomba mogeji (mkopo wa nyumba) inakunja uso, inakaa kwenye rekodi ya mikopo miaka sita isipokuwa ukilipa ndani ya mwezi mmoja wa hukumu. Na hukumu haiji ghafla, inapita njia. Kwanza barua za wakusanya madeni wanaoongeza mpaka pauni 70, maandishi mekundu, vitisho, hao si madalali wa mahakama, hawawezi kuingia nyumbani wala kubeba tivii. Halafu, ndani ya miaka sita, inaweza kuja fomu yenyewe ya mahakama. Ile haitupwi. Unathibitisha umepokea ndani ya siku 14 na unapata muda zaidi wa kuandika utetezi, na huku deni la 100 kwa gharama zao linaweza kuwa limeshavuka 250.

Waafrika wenzetu wengi wanaumia hapa, na si kwa sababu walikataa kulipa. Tunahama sana, leo chumba hiki kesho kile, logibuku inabaki na anwani ya nyumba ya mwaka juzi. Kampuni inanunua anwani DVLA, ile mamlaka ya usajili wa magari na leseni, kwa pauni 2.50, inaandika huko, mwenye nyumba mpya anatupa barua, fomu ya mahakama inakwenda huko huko, hakuna anayejibu, hukumu inatoka mtu hana habari mpaka siku anakataliwa mkopo wa gari. Kuifuta hukumu hiyo ada peke yake inazidi pauni 300. Kubadilisha anwani kwenye logibuku ni bure mtandaoni, na kutobadilisha faini yake inafika pauni 1,000. Bro aangalie yake leo, na wewe leseni yako pia.

Kitu kingine kidogo kwa wanaosoma na wanaopita M1 mara mbili kwa siku. Kamera zinakosea, unaingia asubuhi kununua kahawa, unatoka kamera haikusoma, unarudi jioni kujaza mafuta, inakuandikia umekaa masaa kumi. Ukipata barua ya masaa ya ajabu hivyo tafuta ushahidi ulikuwa wapi katikati, simu yako inayo ramani ya ulikopita, kazini wana karatasi ya kusaini. Na meseji ya simu inayosema unadaiwa paking bonyeza hapa, usibonyeze, wanachopewa na DVLA ni anwani, namba yako ya simu wangeitoa wapi. Yaliyotokea Uskoti pia ni habari nyingine, ile Schedule 4 haifiki kule.

Kuhusu wewe na bro. Kama mwisho wa yote italazimu kulipwa, unalipa wewe, hilo halina mjadala na mwambie hivyo sasa hivi ili apunguze presha, akijua hela yake haiguswi atakuwa na subira ya kuandika rufaa vizuri badala ya kukimbilia kukutaja. Rufaa itumwe kabla ya tarehe 9 Aprili, ndani ya zile siku 14 za punguzo, kwa kawaida mkikataliwa wanawarudishia tena nafasi ya kulipa 60. Ikipita hapo mna mpaka tarehe 23, lakini msifike huko. Na safari ya kumrudisha mama Heathrow panda treni au mchukue na bro mpokezane usukani.